Unahama na Nini?

(Mazungumzo niliyoyatoa Jumamosi kwa wanafunzi wa ualimu, Makulu, Dodoma. Wengi hamkufika, mkaomba niyaandike. Nimeyaacha yalivyotoka mdomoni.)

Mbukwenyi!

Naam. Wagogo wameitika, Warangi wamecheka, wageni wetu wa Kagera na Mbeya wanatazamana. Basi niseme ya wote: Assalaam aleykum, Bwana Yesu asifiwe, na walionizidi umri shikamooni. Tukae.

Jumanne jioni nilikuwa nasahihisha madaftari ya Kidato cha Tatu, nikasikia hodi. Alikuwa binti wa mwaka wa kwanza. Yupo humu ndani, ameniruhusu nimseme bila kumtaja. Wazazi wake wako mbali, kwa hiyo hapa mjini mlezi wake ni mimi. Kaniamkia, kakaa, kanywa chai, ndipo akatoa karatasi kwenye bahasha ya kaki. Ilikuwa fomu ya kuomba kuhama chuo, imejazwa yote: jina, namba ya usajili, programu, chuo anachokwenda. Imebaki sahihi ya mlezi tu, na kalamu ameshaniwekea juu ya madaftari. Penye "sababu ya kuhama" ameandika maneno mawili: sababu binafsi.

Nikamuuliza, "Mwanangu, unahama na nini?"

Akanijibu, "Na begi, madam. Godoro nitaliuza."

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Lakini swali lenyewe sikulimaliza usiku ule, na ndilo lililonileta hapa leo. Walimu watarajiwa, ukihama chuo, unahama na nini?

Kwanza tuambiane ukweli. Wangapi humu wamewahi kufikiria kuhama? Nyoosheni mikono, sikuja na mkuu wa ndaki. Haya, mnaona wenyewe. Ukumbi karibu nusu. Sasa nyoosha mkono kama sababu ni jina la chuo. Aa, mmeshusha! Hapa kila mtu anahama kwa sababu ya vumbi na upepo wa Dodoma, hakuna anayehama kwa sababu ya jina. Sawa.

Mimi jina nalizungumza hivyo hivyo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961, ni babu yao wote. Vyuo vyake vishiriki vya elimu, Chang'ombe na Mkwawa kule Iringa, vilikuja mwaka 2005. UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma, ilianza 2007, na mwaka huo huo Chuo Kikuu cha St. John's kikaanza pale tulipopajua kama Mazengo Sekondari. Nakumbuka watu wakiuliza, chuo gani hicho kinajengwa porini Chimwaga? Leo ingia ofisi ya walimu yoyote kuanzia Bahi hadi Kibondo uone kama utakosa aliyetoka huko porini.

Na mwajiri anauliza nini? Chukueni tangazo lolote la ajira za walimu mlisome polepole. Linaandika "Mwalimu Daraja la III C", ambaye ni mwalimu wa shahada, maana III A ni wa cheti na III B ni wa stashahada. Kisha linaandika somo. Fizikia. Hisabati. Kiingereza. Kisha linataka chuo kinachotambuliwa na serikali. Basi. Halafu unaitwa kwenye usaili, na karatasi ya usaili haijui kama ulisomea ufukweni au mlimani. Nakubali, wapo wenye shule binafsi wanaoangalia jina la chuo kabla hawajakuangalia wewe. Wapo. Lakini wengi wenu mnamsubiri mwajiri mmoja, na huyo tangazo lake linaanza na somo.

Somo! Nitalirudia neno hili mpaka mnichoke.

Kuna binti aliyesoma EGM kidato cha sita, yaani Uchumi, Jiografia na Hisabati. Hisabati aliifaulu, Jiografia aliifaulu vizuri zaidi. Akapangiwa chuo, na wiki ya kwanza akakutana na washauri wa mwaka wa tatu, hawa hawa mnaowajua, wanaokaa kwenye ngazi na kugawa hekima bure. Wakamwambia: chukua Jiografia na Historia, dogo, Hisabati itakudisko, yaani utafeli ufukuzwe chuo. Naye Historia mara ya mwisho aliisoma kidato cha nne! Akaenda kuuliza ofisini, akaambiwa kwa programu aliyodahiliwa, Hisabati na Jiografia hazikai pamoja, ratiba zinagongana. Akanipigia simu analia. Nikamwambia nyamaza kwanza, kisha kimbia. Maana kwa mwaka wa kwanza TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, hufungua dirisha la kuhama baada ya udahili, na dirisha lile halikai wazi muda mrefu. Huyo alihama kwa sababu ya somo. Alikuwa na sifa za programu aliyoitaka, kule nafasi ilikuwapo, na vipindi vilikuwa ndiyo kwanza vinaanza, hivyo hakuwa na cha kupoteza. Leo anafundisha Hisabati Manyoni.

Sasa msitoke hapa mkasema madam kasema ukisoma Hisabati una ajira. Sikusema. Wapo wenye Hisabati zao wanauza vocha Sabasaba. Ninachosema ni kwamba wewe mwalimu una masomo mawili ya kufundishia, na hayo utatembea nayo mpaka ustaafu. Ukikosea chuo, utakaa nacho miaka mitatu. Ukikosea somo je?

Na kabla hujahama chuo kwa ajili ya somo, uliza kwanza kama unaweza kubadili programu hapo hapo ulipo. Mara nyingi mtu anavuka mikoa mitatu kutafuta kitu kilichopo jengo la pili.

Twende kwa kijana mwingine. Huyu nilimpokea shuleni kwangu Chamwino alipokuja mazoezi ya kufundisha. Mpole, nadhifu, Kiswahili chake kinateleza. Siku ya pili nikamwona amekaa chini ya mbuyu peke yake, wenzake wako mezani wanakula. Nikamwita. Akafungua faili akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Ni orodha ya kozi zake. Kozi 20 alizofaulu miaka miwili katika chuo cha kwanza. Kumi na tatu zimewekewa tiki ya kalamu ya bluu. Saba zimekatwa kwa nyekundu.

Alihama kwenda chuo chenye jina. Chuo sikitaji, hakikufanya kosa lolote. Kosa lilikuwa kwamba aliamini shahada ya ualimu ni shahada ya ualimu popote, ukibeba matokeo yako wanakupokea na mwaka wako. Ndugu zangu, hapa tusikilizane vizuri, maana hapa ndipo watu wanapoanguka.

Shahada yako ya miaka mitatu ina krediti zisizopungua 360, yaani 120 kwa mwaka, na kila krediti moja inahesabiwa saa 10 za kujifunza: darasani, maktaba, kazi za nyumbani, vyote. Ukihama katikati ya safari, chuo kinachokupokea kinachukua kozi zako moja moja na kuziweka pembeni ya za kwao. Hii ya Fasihi inalingana na yetu? Ndiyo, pita. Hii ya Saikolojia ya Elimu? Aa, sisi tumeigawa mara mbili, wewe umesoma nusu. Hii ya Mbinu za Kufundishia? Sisi tunaifundisha mwaka wa pili ikiwa na mazoezi madogo ndani yake, yako haina. Kataa. Na kozi uliyofeli haiangaliwi kabisa, inayohamishika ni uliyofaulu.

Kijana wetu akajikuta anakaa na mwaka wa kwanza kwenye kozi mbili, na mwaka wa pili kwenye tano. Miaka mitatu ikawa minne. Je, wa nne analipiwa na nani? Mkopo wake ulihesabiwa kwa miaka mitatu. Baba yake, mkulima wa alizeti, akauza ng'ombe wawili.

Nikamuuliza, kabla hujahama uliomba wakuoneshe kwa maandishi kozi zipi wanazipokea? Akasema hapana, alimuuliza rafiki yake anayesoma kule, naye alimwambia "njoo tu".

Njoo tu! Wangapi wamehamishwa na "njoo tu"?

Aliyeamua kuhama simkatazi. Ninachomtaka afanye ni hiki, na ni kazi ya mwezi mzima, si ya jioni moja. Apate matokeo yake ya muda yenye muhuri. Apate maelezo ya kila kozi aliyosoma, siyo jina la kozi, maelezo: mada, saa, krediti. Ayapeleke idara anayokwenda, na idara imjibu kwa karatasi, si kwa simu. Chuo anachotoka kiridhie, kile kingine kikubali, na TCU ihusishwe. Halafu, na hapa ndipo wengi husahau, akaijulishe Bodi ya Mikopo. Ada ya mkopo inalipwa chuoni, na bumu, ile hela ya kujikimu, linafuata chuo ulichosajiliwa. Wewe ukihama na jina lako likabaki kule, bumu nalo linabaki linakutafuta kule. Tangu 2022 ni shilingi 10,000 kwa siku, kabla yake ilikuwa 8,500. Mara sitini ni 600,000. Kaa geto miezi miwili bila hiyo, utajua muuza mihogo wa mtaa wako anaitwa nani na anakopesha mpaka kiasi gani. Kwa hela niishie hapo, mnaijua kuliko mimi.

Mniruhusu sasa nijiseme mwenyewe.

Mwaka 2003 nilikuwa mwaka wa pili, chuo fulani mbali na hapa. Enzi hizo TCU haijaanza, ilianza 2005. Matokeo yalibandikwa ubaoni kwa namba za usajili, karatasi ndefu imeshikwa na pini, wanafunzi wanasukumana. Nikatafuta namba yangu kwa kidole. Kozi ya Historia: supu, yaani nimefeli, nirudie mtihani. Mimi! Mtihani ule niliufanya, nikatoka naimba. Nikaenda ofisini, nikaambiwa alama zako za kazi za darasani hazipo. Zimekwenda wapi? Hazipo. Nani anazo? Njoo kesho. Kesho yake: njoo kesho.

Nikasema basi. Chuo hiki hakinitaki, nami sikitaki. Nikapanda basi mpaka Kibaigwa kwa mjomba wangu, mnunuzi wa mahindi pale sokoni, ili anipe nauli ya kwenda kutafuta chuo kingine. Nilimkuta juu ya magunia, sindano ya kushonea mkononi, kamba ya mkonge mdomoni. Nikamweleza yote kwa hasira. Hakunijibu. Akateremka, akanionesha gunia moja lililokuwa linavuja punje pembeni, mstari mwembamba mpaka mlangoni. Akasema, "Mpwa, hili nikilipakia kwenye lori hivi hivi, litafika Dar likiwa gunia?"

Nikasema hapana.

"Basi shika hapa nishone."

Nikashika. Alishona gunia lile mimi nikilia, na hakuniuliza neno lingine mpaka jioni. Nauli alinipa, lakini ya kurudi nilikotoka.

Nilizifuatilia alama zile wiki saba. Wiki saba! Nilibeba daftari langu la semina lenye sahihi ya mwalimu kila ukurasa, na nakala za kazi zangu mbili nilizokuwa nimezihifadhi kwa bahati tu. Mwisho zikapatikana kwenye faili la kozi nyingine. Supu ikafutwa. Je, nilikipenda chuo kile baada ya hapo? Hapana, mpaka leo sikipendi. Lakini ningehama na lile tundu, kule ningefika nikiwa na kozi iliyofeli na hakuna mtu wa kunisemea, kwa sababu mwenye faili amebaki huku.

Kwa hiyo ukija kwangu na fomu, nitakuuliza: tundu lako liko wapi? Unakimbia mhadhiri? Mhadhiri mmoja anakufundisha muhula mmoja. Unakimbia mpenzi mliyeachana? Mwanangu, huyo atahitimu. Unakimbia supu? Supu inapanda lori pamoja nawe. Na aliyeambiwa amedisko asidhani kuhama ni mlango wa nyuma, chuo kingine kitaanza kwa kuuliza uliondokaje cha kwanza.

Ila wapo wa kuhama, na hao nisiwacheleweshe. Kuna kijana mwenye pumu, kila Julai upepo wetu ukianza analazwa. Huyo sikumuuliza swali la pili. Kuna binti ambaye mama yake alipooza, yuko Iringa, na hapakuwa na mwingine wa kumgeuza kitandani. Ahame, na akikosa nafasi Iringa basi Chuo Kikuu Huria, kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kina vituo mikoani, asome huku anauguza. Mtu wa namna hii tumsindikize mpaka stendi ya Nanenane na begi lake tumbebee.

Wapo pia waliohamishwa bila kuulizwa. Mei 2016 ninyi mlikuwa watoto wa shule ya msingi. Pale UDOM wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi, hisabati na teknolojia walirudishwa nyumbani, katikati ya masomo. Baadaye wakachambuliwa: wachache wakabaki, wengi wakapangiwa vyuo vya ualimu vya serikali huku na huko nchini, na wapo ambao hawakurudishwa tena. Mmoja wa waliopangiwa upya ninafundisha naye. Anafundisha Kemia. Aliniambia siku ile alifunga madaftari yake ya maabara kwenye kanga kabla ya kufunga nguo. Nguo nyingine zilibaki. Anayo mpaka leo kabatini mwake, moja limeungua pembeni kwa asidi.

Sasa mnisikilize kwenye jambo ambalo mimi nalipenda kuliko yote niliyosema, mazoezi ya kufundisha. Mnayaita BTP, kifupi cha jina lake la Kiingereza, kama ugonjwa.

Mwaka mmoja nilipokea wawili kwa pamoja. Mmoja katoka chuo kikubwa, mmoja chuo kidogo ambacho mlinzi wetu hakuwahi kukisikia. Agosti, na mnajua Agosti ya Chamwino upepo unavyokuwa. Kidato cha Kwanza B, wanafunzi 87, dawati la wawili wanakaa watatu, dirisha moja halina kioo. Wa kwanza kaingia, kaweka andalio la somo mezani, kageukia ubao. Upepo ukaja. Karatasi ikaruka, ikapita juu ya vichwa, ikatoka dirishani. Darasa likaangua kicheko. Kijana akatoka nje kuikimbiza. Nilimwona anairukia kama mtu anayekamata kuku, kule kwenye mahindi makavu. Dakika kumi za kipindi zikaisha.

Kesho yake wa pili, darasa lile lile, dirisha lile lile. Upepo ukachukua karatasi yake pia. Naye akaitazama mpaka ilipotoka, akawageukia watoto akasema, "Haya, imekwenda kufundisha jirani. Sisi tulikuwa wapi?" Watoto 87 wakapiga kelele kwa pamoja: "Ngeli ya KI-VI, mwalimu!" Akaendelea kufundisha.

Mtaniuliza yupi alitoka chuo kikubwa. Sitawaambia, maana nawaona mnavyotaka kujua, na ndiyo maana nusu ya ukumbi huu ina fomu mikobani.

Basi unapopima chuo, hiki au kile, usiishie kwenye geti na picha za majengo. Uliza: wanatuma wanafunzi mazoezini mara ngapi na kwa wiki ngapi? Mhadhiri anayekuja kukukagua anakaa nyuma ya darasa mpaka kengele, au anasaini kitabu akiwa kwenye gari? Kuna ufundishaji mdogo, ule wa kujaribia mbele ya wenzako darasani, kabla hujatupwa kwa watoto wa watu? Muulize aliyemaliza mwaka jana, siyo rafiki yako wa "njoo tu".

Binti wa Jumanne? Ngoja niwaambie alipofikia, maana naona mnageuka kumtafuta.

Sikumsainia. Tulikaa mpaka saa nne usiku. "Sababu binafsi" ikafunguka taratibu: alitaka Kiswahili na Kiingereza, akaandikishwa Kiswahili na Historia kwa sababu siku ya usajili foleni ilikuwa ndefu na mtu wa mbele yake alijaza hivyo. Kidato cha sita alisoma HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, yote matatu anayo. Jumatano alikwenda idara kuuliza kama anaweza kubadili hapo hapo. Wamemwambia arudi Jumatatu na cheti chake cha matokeo. Chuo kile kingine nacho amekiandikia barua pepe kuomba maelezo ya kozi, hawajajibu.

Fomu iko kwenye mkoba wangu huu hapa, pamoja na kalamu yake, ambayo namwomba radhi, nimeisahihishia madaftari wiki nzima.

Nimemaliza. Wenye maswali pangeni mstari pale dirishani, wenye fomu wawe wa kwanza. Mimi nipo mpaka saa kumi na moja, baada ya hapo sipati gari la Chamwino.